Pua ya Kiwanda

Mama mkwe wangu alininusa kabla hajaitikia shikamoo yangu. Siongezi chumvi. Siku nilipopelekwa kwao mara ya kwanza, na gauni langu jipya, macho chini kama mtoto wa watu, yeye alisimama mlangoni, akainua kidevu, akavuta hewa kwa matundu yote mawili, kisha akawageukia binti zake. "Huyu katoka kwenye grisi," akasema. Ndipo akasema marahaba.

Na kweli baba yangu alikuwa fundi friji. Nimekulia katikati ya milango ya friji iliyong'olewa na mashine zilizokufa ambazo mama alizigeuza vigoda. Lakini siku ile nilikuwa nimeoga mara mbili na kujipaka mafuta mpaka kwenye visigino. Kumbe grisi ya baba bado imo, na yule mama ameikuta. Nilimwogopa siku hiyo hiyo, nikamchukia siku hiyo hiyo, na sikuona sababu ya kuchagua moja.

Wao walikuwa watu wa barafu. Sisemi vile vipande vya kutia kwenye glasi. Nasema mapande marefu kama magogo, yanayotolewa kwenye makopo ya bati, yanavutwa kwa ndoano mpaka dirishani, na kuyapandisha kwenye mkokoteni ni kazi ya wanaume wawili. Kiwanda na nyumba ya mama mkwe vilikuwa ua mmoja: upande huu jiko na kamba za kuanikia nguo, upande ule chumba cha mashine, tangi la maji ya chumvi ambamo makopo yalizamishwa, na ghala lenye maranda ya mbao hadi magotini. Wanunuzi walikuwa wauza samaki, wenye bucha, wauza soda wa barabarani, na mara moja moja watu waliofiwa. Mume wangu ndiye aliyekaa na mashine kutwa. Mama yake ndiye aliyemkalia kila mtu kichwani, kutwa na kucha.

Kila Jumapili tulikula kwake, na kila Jumapili tulilishwa historia pamoja na wali. Zamani, angeanza, baridi haikutengenezwa, ilivunwa. Huko nchi za mbali ambako maziwa huganda, watu walikata maji kwa msumeno kama mbao, wakayafunika kwa maranda, wakayapakia melini, na meli ikakaa baharini miezi. Nusu iliyeyuka njiani. Nusu iliyofika ilinunuliwa na matajiri, wakaiweka mezani na kuitazama. Babu wa mume wangu, yule wa kale kabisa, alikuwa mpagazi wa barafu hiyo. Siku ya kwanza walipomtwika pande mgongoni alidhani ameunguzwa, akalitupa chini na kutimua mbio, na tajiri akamkimbiza mtaa mzima akimsihi arudi kulibeba kabla halijawa dimbwi. Mawifi zangu walicheka hapo kila Jumapili, mahali palepale, kama watu waliokodiwa. Halafu zikaja mashine za kutengeneza baridi papa hapa kwa hewa ya amonia, wenye meli wakafunga biashara, na kizazi cha yule mpagazi kikajifunza mashine. Baba mkwe, Mungu amrehemu, ndiye aliyeinunua hii yetu ilipokuwa tayari kuukuu.

"Halafu," angesema mama mkwe, akiweka kijiko chini na kunigeukia, "wakaja watu wa friji."

Maana friji ndiyo iliyowanyang'anya wateja. Kila mwenye nyumba akawa na kisanduku chake jikoni, hana haja tena ya kusubiri mkokoteni wa barafu. Kwa mama mkwe, friji ilikuwa mwizi na baba yangu daktari wa mwizi. Jina langu hakulitumia hata siku moja. Aliniita Friji. Friji, lete maji. Friji, funga mlango wako, maana eti naongea sana. Mimi nilikuwa naitika "abee mama" kwa sauti ya asali, na moyoni namwombea mambo ambayo hayaandikiki.

Sasa habari ya pua. Amonia ni hewa yenye roho mbaya. Ikiwa ndani ya mabomba inafanya kazi kama punda. Ikipata upenyo ikatoka kidogo, inachoma macho na koo. Ikitoka nyingi kwenye chumba kilichofungwa, aliyemo hatoki kwa miguu yake. Kwa hiyo pale kiwandani kulikuwa na desturi tangu baba mkwe akiwa hai. Alfajiri, kabla mashine haijawashwa, mama mkwe aliingia peke yake chumba cha mashine, mikono nyuma, akapita kwenye kila kiungo cha bomba akikinusa, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Akiridhika alitoka na kusema "washa." Asiporidhika alikinyooshea kidole kiungo, na fundi akakikaza. Hakuna aliyegusa swichi kabla ya neno lake. Watu walikuwa wanasema kiwanda kile hakina mita, kina pua.

Mume wangu aliniapia kwamba siku moja, yeye akiwa bado mdogo, mama yake alinusa uvujaji akiwa jikoni anakaanga vitunguu, akavuka ua na mwiko mkononi, akawatoa watu wote nje. Niliamini. Mtu aliyeinusa grisi ya baba yangu chini ya mafuta yote yale, atashindwa nini?

Ndipo shati la mume wangu likaanza kunuka.

Mwanzo ilikuwa kwenye kola tu. Halikuwa jasho. Jasho la mume wangu nalijua, tumelala kitanda kimoja. Hii ilikuwa harufu kali ya kuchoma, ya mkojo wa paka uliochacha kwenye kona. Nikifua leo, kesho imerudi. Baadaye yakafuata macho mekundu, na kikohozi cha asubuhi, kile cha kushika ukuta. Nikamuuliza, wewe mwenyewe husikii? Akalinusa shati lake, akanirudishia, akasema linanuka sabuni. Macho mekundu nayo eti ni macho ya barafu, hata marehemu baba yake alikuwa nayo. Aliyazungumzia kama mtu aliyerithishwa shamba.

Nikamwendea fundi wa mashine, mzee mmoja mkavu tuliyemwita Spana. Spana hakunificha. Aliniambia pua yake ilishakufa siku nyingi, na ya mume wangu inaelekea huko huko, maana amonia huanza kwa kuua kile kinachoisikia. Akaniambia pia kwamba kuna vijiti vya salfa. Unakiwasha kijiti, unakipitisha kwenye viungo taratibu, na penye uvujaji unatoka moshi mweupe mzito ambao kila mwenye macho anauona. Alishamwonyesha mama mkwe kimoja alichokuwa nacho, akamwomba anunue vingine. Mama mkwe akamjibu kwamba vijiti ni vya viwanda visivyo na mwenyewe.

Nikalichukua shati, nikavuka ua. Nilimkuta amekaa barazani anapanga magunia ya kufungia barafu. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba chumba cha mashine kinavuja na mwanawe anakivuta. Akalipokea shati, akaliweka puani, akavuta hewa ndefu huku amefumba macho, kisha akanirudishia.

"Hufui," akasema.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekishika mkononi kinanitoa machozi, na mwenye pua ya kiwanda ananiambia nipunguze uvivu. Nikamweleza kwamba kwa baba yangu hakuna anayeamini pua. Friji ikivuja, baba anapaka povu la sabuni kwenye bomba na kutazama panapotoa mapovu, basi. Akanijibu kwamba hewa ya friji haina harufu, ndiyo maana hata watu wake wanaingia kwenye nyumba za wenzao bila kujulikana. Hapo nikakasirika. Nikamkumbusha jinsi baba mkwe alivyokufa, akikohoa, macho mekundu. Uso wake ukajifunga. Akanionyesha njia kwa kidole, kidole kilekile cha kuonyeshea viungo vya bomba, nami nikaondoka.

Tangu siku hiyo nilikuwa na jambo moja tu duniani. Nilitaka mume wangu atoke kwenye chumba kile akiwa hai, na kama njia inapita juu ya kichwa cha mama yake, potelea mbali.

Kilichonifungua macho ni marashi. Kila Jumapili nikiingia mama mkwe alikuwa na neno lake: "Friji, marashi yako ya bei rahisi yametangulia." Lilikuwa kama salamu. Lakini Jumapili moja chupa yangu ilikuwa imeisha, sikujipaka kitu, nimenukia maji tu. Nikavuka kizingiti. Akainua kidevu, akavuta hewa, akasema marashi yangu ya bei rahisi yametangulia.

Nilikula siku ile bila kujua ninakula nini. Nikakumbuka mara ile maziwa yalipoungua jikoni, yeye amekaa hatua chache anakoboa mahindi, akangoja mpaka alipouona moshi. Nikakumbuka nyama iliyoharibika ambayo wifi mdogo aliitupa, na yeye akamgombeza kwa kutupa nyama nzima. Tukiwa njiani kurudi nyumbani nikamuuliza mume wangu swali moja. Kabla hujanileta kwenu mara ya kwanza, ulimwambia mama yako baba yangu anafanya kazi gani?

Alinishangaa. Aliniambia ndiyo, alimwambia mapema, na mama aligomba sana.

Basi hakuninusa. Hata siku ile hakuninusa. Aliigiza pale mlangoni, na miaka yote ile wanaume wazima walikuwa wanawasha mashine ya amonia kwa amri ya pua iliyokufa. Nilicheka peke yangu barabarani mpaka mume wangu akaniuliza nina nini, kisha nikaacha kucheka, maana niliyaona macho yake.

Jumapili iliyofuata niliwahi kufika. Nilikuwa nimenunua vichwa vya samaki mapema katikati ya wiki, nikaviweka kwenye mfuko mweusi juu ya bati, juani, nyuma ya nyumba, mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna kitu kimefia kwangu. Mfuko ule nikauingiza kwa mama mkwe ndani ya kapu la matunda. Yeye akiwa ananawa mikono uani, nikaufungua mdomo kidogo na kuusukuma chini ya kiti chake.

Tukakaa. Wifi mkubwa alikuwa wa kwanza kuacha kutafuna. Akamtazama wifi mdogo, wifi mdogo akamtazama mtoto wake mchanga, akamgeuza na kumkagua nepi. Hakukuta kitu. Hata mume wangu, na pua yake iliyobaki nusu, alikunja uso. Lakini nani aseme mbele ya mama kwamba nyumba ya mama inanuka? Wakameza mate na kunyamaza. Mama mkwe alikuwa anakula vizuri tu. Alikuwa amefika kwa tajiri anamkimbiza mpagazi, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Mama," nikasema, "leo nyumba inanuka nini?"

Akaweka kijiko chini. Akainua kidevu, akavuta hewa.

"Inanuka Friji," akasema.

Nikainama, nikauvuta mfuko chini ya kiti chake, nikauweka mezani kando ya bakuli lake la mchuzi, nikaufunua. Wifi mkubwa alikimbilia nje, tukamsikia anatapika. Mama mkwe aliutazama mfuko. Aliinamisha kichwa akavichungulia vichwa vile, jicho kwa jicho, kwa sababu ilibidi aone ni nini. Kila mtu mezani alimwona akiona. Kisha akauliza kama tumeshiba, akainuka, akaingia chumbani kwake na kurudisha mlango.

Nilidhani nimeshinda. Tulipofika kwetu mume wangu alivua viatu, akavipanga. Ndipo akaniambia kwamba nimemvua mama yake nguo mezani mbele ya binti zake. Nikamwambia nimemvua pua, nguo anazo. Akaniambia kesho ataenda kazini kama kawaida, na mama yake akisema washa, atawasha. Msimu wa samaki umeanza, mikokoteni imeshapangwa foleni, yeye si mtu wa kumkana mama yake kwa ajili ya mfuko wa uozo. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hili lilikuwa sikio la mume wangu.

Alfajiri nilitangulia kiwandani. Spana alikuwepo, na wabebaji wawili wamekalia mikokoteni yao nje. Mama mkwe akatoka nyumbani amevaa kama siku zote, mikono nyuma. Hakunitazama. Akaingia chumba cha mashine, akapita kiungo kwa kiungo, akatoka.

"Washa," akasema.

Mume wangu akapeleka mkono kwenye swichi, iliyokuwa nje kando ya mlango. Nikampita, nikaingia ndani, nikakaa kwenye kigoda chake, kile anachokikalia kutwa akiwa ameegemea bomba. Mashine haijawaka na tayari machozi yalikuwa yananitiririka, kifua kinachoma kama nimemeza pilipili. Huko ndani ndiko alikokuwa anashinda mume wangu.

"Toka humo," mama mkwe akasema.

"Nionyeshe kiungo kinachovuja, mama, nami nitatoka. Kimoja tu."

Mama mkwe akaingia. Akaanza upya, kiungo cha kwanza, cha pili, akiinama, akivuta hewa, mbele ya mwanawe, mbele ya Spana, mbele ya wabebaji waliokuwa wamekuja kuchungulia mlangoni. Alipopita karibu nami niliona macho yake yanatoka machozi kama yangu. Alifika mwisho wa bomba. Akasimama pale ameupa ukuta uso, mikono nyuma, vidole vinashikana na kuachiana.

"Spana," akasema bila kugeuka. "Una kile kijiti chako?"

Spana alikuwa nacho. Alikuwa amekihifadhi kwenye mfuko wa koti muda mrefu mpaka kimepinda. Akakiwasha, akakipitisha taratibu, na hakwenda mbali. Moshi mweupe ulifumka kwenye kiungo cha nyuma ya kigoda, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa. Pale ndipo mume wangu alipokuwa anaegemeza kisogo. Aliutazama moshi ule, akaushusha mkono wake kutoka kwenye swichi, akaanza kukohoa.

Mama mkwe akatoka nje akawaambia wabebaji kwamba leo hakuna barafu. Maneno hayo hayakuwahi kusikika katika ua ule. Kisha akanijia, akasimama karibu kuliko alivyowahi kusimama. Aliniambia kesho, kabla ya jua, nije kunusa. Hakuniomba radhi, nami sikumwomba.

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa na adui yangu. Kiungo kilibadilishwa, kikohozi cha mume wangu kikapungua, kikaisha. Spana alitaka anunuliwe vijiti vingine, boksi zima, viwe vinapitishwa kila alfajiri. Nikamwambia kijiti cha nini na mimi nipo? Baba yangu, yule wa povu la sabuni, alipokuja kututembelea na kunikuta kazini aliniuliza nimejifunza wapi kuweka mikono nyuma. Nitamjibu nini mtu ambaye hajawahi kusema neno moja na mashine nzima ikanguruma? Wauza samaki waliinuka kunipisha. Wabebaji walinyamaza nikipita. Nilikuwa nasema "washa" kwa sauti ndogo, maana nilishagundua kwamba ukiisema kwa sauti ndogo wanaume wanainama zaidi kusikiliza.

Miaka ikaenda. Friji zikaongezeka mitaani, umeme ukawa unakatika, na kila ukikatika walewale wenye friji walikuja dirishani kwetu na ndoo zao, wamenywea. Mama mkwe aliwauzia bila kuwajibu salamu. Mimi na yeye hatukupatana. Aliendelea kuniita Friji, nami niliendelea kuitika abee. Lakini alizeeka, pumzi ikawa fupi, na historia ya Jumapili ikahamia kwangu. Mimi ndiye niliyesimulia meli na maranda na mpagazi aliyetimua mbio, na mawifi wakacheka mahali palepale. Nilijua hata pa kuweka kijiko chini. Jioni, mume wangu akivua shati, nililinusa kabla ya kulitia kwenye beseni, kwa mazoea tu. Lilikuwa linanuka sabuni. Aliporudiwa na kikohozi juzijuzi nikamwambia ni mafua, hali ya hewa imebadilika, anywe maji ya moto.

Jumapili iliyopita tulikaa mezani kama kawaida. Nilikuwa nimefika kwa tajiri anakimbiza mpagazi. Nikangoja kicheko, hakikuja. Wifi mkubwa alikuwa ameacha kutafuna. Wifi mdogo alimtazama mwanawe, ambaye sasa ni mkubwa wa kwenda shule, naye kafunika pua kwa kola ya shati. Mume wangu alikuwa anatazama sahani yake. Mama mkwe peke yake ndiye aliyekuwa anakula.

"Mkwe wangu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Leo nyumba inanuka nini?"

Nikavuta hewa kwa matundu yote mawili. Nikavuta tena. Nilitafuta harufu ya wali uliokuwa chini ya kidevu changu, unatoa mvuke, nikaukosa. Niliinama polepole, nikashika ukingo wa meza, nikatazama chini ya kiti changu. Kulikuwa na mfuko mweusi, mdomo wazi.

"Ilibidi nimuulize muuza samaki kama vimeoza vya kutosha," mama mkwe akasema. "Maana mimi sijui."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni lake, akatoa boksi la vijiti vya salfa, akaliweka mezani katikati yetu.

"Mwanangu amekohoa wiki nzima na wewe unasema washa," akasema. "Kesho atapita Spana na moto. Mimi na wewe tutasimama mlangoni tutazame. Macho bado tunayo."

Mume wangu alikohoa, akaomba radhi, akanywa maji. Wifi mkubwa aliinuka mbio, tukamsikia nje anatapika. Wengine wakamfuata mmoja mmoja na viti vyao. Mezani tukabaki wawili. Mama mkwe akanisogezea bakuli la mchuzi, nami nikajipakulia, tukaendelea kula.